Siku tisa kabla ya triathloni: nibadilishe nini kwenye baiskeli, niache nini?

SWALI

Ndugu Mshauri, habari za kazi.

Zimebaki siku tisa nishiriki triathloni yangu ya kwanza ya masafa ya kati: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, kisha mbio za kilomita 21.1. Kabla ya hapo nimemaliza mbili za masafa ya Olimpiki. Baiskeli yangu ni ya barabarani, fremu ya aluminiamu, breki za kubana rimu, vifaa vya gia ni Shimano 105 R7000. Mbele nina meno 50/34, nyuma kaseti (rundo la magurudumu ya meno) ya gia 11 yenye meno 11 hadi 28. Cheni imetembea kilomita 2,500 hivi. Tairi ni za milimita 25 na ya nyuma imeanza kuwa na mikato. Nina kilo 75.

Nilikuwa nimetulia mpaka ramani ya njia ilipotoka. Kumbe kuna mlima wa kilomita 4 wenye mwinuko wa wastani wa asilimia 8, na tunateremka kwa njia hiyohiyo. Nikakimbilia kununua kaseti ya 11-32, bado iko kwenye boksi. Shemeji yangu naye kajitolea kuniazima magurudumu yake ya kaboni yenye rimu ya kina cha milimita 60. Mwenzangu wa mazoezi ananipa vishikio vya kulalia, vile vinavyofungwa juu ya usukani. Mwingine anasisitiza nihamie tairi zisizotumia tyubu. Juu ya hayo, siti inaniumiza nikishapita saa mbili ndani ya suti ya triathloni, na kliti, yaani vipande vya chini ya viatu vinavyonasa pedali, zimelika hadi zinacheza.

Kasi yangu ya wastani kwa safari ndefu ni km 28 kwa saa. Nifunge vyote, baadhi, au niache kama ilivyo?

Msomaji mwenye boksi mezani

JIBU

Ndugu msomaji,

Umeorodhesha mambo saba. Matatu yafanye, na uyaanze leo: kaseti (kwa sharti nitakalolieleza), tairi, na kliti. Matatu yaache: magurudumu ya shemeji, vishikio vya kulalia, na tyubulesi (zile tairi zisizotumia tyubu). Siti ni jambo la saba, nalo huenda halihusu siti kabisa.

Usipime kifaa kwa dakika kinazoahidi. Jiulize kinagusa vitu vingapi vingine, kama kinabadilisha namna mwili wako unavyokaa, na kama kikikataa ukiwa kilomita ya 50 utaweza kukitengeneza peke yako kando ya barabara. Kwa kipimo hicho kaseti inapita. Magurudumu yanaanguka mapema sana.

Kaseti: soma kwanza herufi za dereila

Kabla hujafungua boksi, inama nyuma ya baiskeli usome maandishi yaliyo upande wa ndani wa dereila ya nyuma, kile kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Utakuta RD-R7000-SS au RD-R7000-GS. SS ni ile yenye mkono mfupi, na sproketi (gurudumu moja la meno la kaseti) kubwa kabisa inayoruhusiwa kwake ni ya meno 30. GS ina mkono mrefu na inafika meno 34. Baiskeli iliyotoka dukani na kaseti ya 11-28 inaweza kuwa na yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo usikisie.

Kuna hesabu ya pili, nayo ni ya ulegevu wa cheni ambao dereila inaweza kuumeza. Chukua tofauti ya meno ya mbele, 50 toa 34, ni 16. Ongeza tofauti ya nyuma. Kwa 11-32 ni 21, jumla 37. Kwa 11-30 ni 19, jumla 35. Uwezo wa SS ni 35, wa GS ni 39. Kwa hiyo kama una GS, kaseti uliyonunua inaingia bila mgogoro. Kama una SS, irudishe ikiwa bado haijafungwa, uchukue 11-30.

Utasikia watu wakisema kwamba SS inakubali 32 ukikaza skrubu ya B, ile inayosogeza dereila mbali na sproketi, hadi mwisho. Ni kweli kwamba kwenye baadhi ya fremu inakubali, kwa sababu urefu wa kile kipande kinachoshikilia dereila hutofautiana. Lakini inapokataa, kigurudumu cha juu cha dereila kinasugua meno ya sproketi kubwa, na ukiwa 34 mbele na 11 nyuma cheni inalegea na kupiga fremu. Huo ni mchezo wa kujaribu ukiwa na miezi mbele yako.

Je, meno mawili au manne yana faida ya kusumbukia? Tuhesabu. Wewe, baiskeli, chupa na nguo ni kama kilo 86. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwenda km 9 kwa saa kunadai wati 180 hivi. Mzingo wa gurudumu lako ni karibu mita 2.1. Kwa gia ya 34 mbele na 28 nyuma, kasi hiyo inakufanya ukanyage mizunguko 59 kwa dakika. Kwa 30 inakuwa 63. Kwa 32 inakuwa 67. Ukichoka ukashuka hadi wati 150, kasi ni km 7.5 kwa saa, na hapo 28 inakupa mizunguko 49 tu, wakati 32 inakupa 56. Mlima wote, kwa kasi ya km 9, ni karibu dakika 27. Dakika 27 za kukanyaga polepole kwa nguvu nyingi hulipwa kwenye mapaja, na deni lake hudaiwa kwenye kilomita ya 12 au 15 ya mbio. Tena wastani wa asilimia 8 una maana kwamba kuna vipande vinavyozidi hapo. Kwa hiyo ndiyo, badilisha, hata kama utapata 30 badala ya 32.

Kabla ya kufunga, pima cheni. Kama huna kipimo, tumia rula ya chuma: viungo 24 vya cheni mpya, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 304.8. Ikifika milimita 306.3 imevutika kwa asilimia 0.5, na kwa gia 11 huo ndio wakati wa kuitupa. Kwa kilomita 2,500 unaweza kuwa upande wowote wa mstari huo, hutegemea vumbi na mafuta. Cheni iliyovutika haikai vizuri kwenye meno mapya, na huyala haraka. Vivyo hivyo cheni mpya huruka kwenye sproketi kuukuu ukikanyaga kwa nguvu, ndiyo maana kosa la kawaida la wiki ya mwisho ni kubadilisha cheni peke yake. Cheni ikiwa imevutika, badilisha vyote viwili; ikiwa bado nzima, iache ifanye kazi na kaseti mpya.

Kufunga kwenyewe si kazi kubwa. Unahitaji kishikio cha cheni cha kuzuia kaseti isizunguke, na kifungulio cha nati ya kaseti. Futa uchafu kwenye frihabu (sehemu ya gurudumu inayobeba kaseti), paka grisi nyembamba, panga sproketi ukifuata mfereji mmoja wenye upana tofauti na mingine, kisha kaza nati kwa torki ya Nm 40. Hiyo ni nguvu nyingi kuliko watu wanavyodhani, na utasikia nati ikilia krr, krr inapokaa. Baada ya kukaza, shika sproketi kubwa uitikise. Ikicheza, kuna sproketi haikuingia mahali pake au umesahau pete ya kujazia.

Halafu urekebishaji. Weka 34 mbele na sproketi kubwa nyuma, kaza au legeza skrubu ya B mpaka kigurudumu cha juu cha dereila kiwe mbali na meno kwa milimita 5 hadi 6. Hakikisha skrubu ya kikomo cha ndani inazuia dereila isisogee zaidi ya sproketi kubwa. Isukume kwa kidole kuelekea spoki wakati gurudumu limesimama, ikivuka, kaza. Dereila ikiingia kwenye spoki mlimani, mashindano yako yameisha pale pale, na huenda fremu ikaumia pia. Baada ya hapo panga kebo kwa robo mzunguko ya kirekebishi kila mara, ukipanda na kushuka gia zote.

Jambo la mwisho kwenye kaseti ndilo linalosahaulika zaidi. Cheni yako ilikatwa kwa ajili ya 28. Ukiwa na sproketi kubwa zaidi, zungusha pedali kwa mkono polepole uingize 50 mbele na 30 au 32 nyuma. Mkono wa dereila ubaki na mkunjo kidogo. Ukinyooka kabisa kuelekea mbele, cheni ni fupi, na siku utakapoingiza gia hiyo kwa bahati mbaya, itang'oa dereila. Dawa yake ni cheni mpya iliyokatwa kwa urefu sahihi, pamoja na kiungo kipya cha kuunganishia cha gia 11. Aina nyingi za viungo hivyo zimetengenezwa zitumike mara moja, kwa hiyo usirudishie cha zamani.

Magurudumu ya shemeji

Waswahili walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Magurudumu haya ni mfano mzuri, kwa sababu ukiyaazima utajikuta umeazima na mambo mengine matano.

La kwanza ni raba za breki. Rimu ya kaboni inataka raba zake, na raba ulizotumia kwenye aluminiamu zina vipande vidogo vya chuma vilivyonasa ndani. Vitachana rimu za watu. La pili, rimu za kisasa za kina huwa pana kuliko za kawaida, hivyo breki itabidi ifunguliwe, kebo ilegezwe, na raba zipangwe upya kimo na pembe. La tatu, kaseti inahamishwa, na kabla ya hapo ujue frihabu ni ya aina gani: ya XDR haipokei kaseti yako ya Shimano. La nne, habu (vitovu vya gurudumu) mbili tofauti haziweki kaseti mahali pamoja kabisa. Tofauti ya nusu milimita inatosha gia zianze kugongana, na kikomo cha ndani kinapaswa kupimwa upya.

La tano ni valvu. Pampu inahitaji valvu itokeze milimita 15 hadi 20 nje ya rimu. Kwa rimu ya milimita 60 maana yake ni valvu ya milimita 80. Tyubu zako za akiba bila shaka zina valvu fupi, na ukipata pancha huku tyubu ya akiba valvu yake imezama ndani ya rimu, utakuwa umebeba mzigo usio na faida.

Sasa lile ambalo linanifanya niseme hapana bila kusita: ule mteremko. Kutoka juu hadi chini ni mita 320, na mzigo wenu wa kilo 86 unashuka na nishati ya kilojuli 270 hivi. Sehemu inachukuliwa na upepo, inayobaki inageuka joto kwenye rimu kila unaposhika breki. Aluminiamu hulitawanya joto hilo haraka. Kaboni hulikusanya pale raba inapogusa, na kwa mtu mwenye hofu anayeshika breki mfululizo, gundi ya kaboni inaweza kulainika na ukingo wa rimu kuvimba. Ndani kukiwa na tyubu za latex hatari inazidi, kwa kuwa hazivumilii joto. Mvua ikinyesha, kaboni nyingi huchelewa kushika kwa mzunguko mmoja au miwili ya gurudumu. Hayo yote hujifunzwa kwa wiki kadhaa za kuteremka.

Na faida? Ipo, ila si ile iliyoandikwa kwenye tangazo. Wati zinazotangazwa mara nyingi hupimwa kwa kasi kama km 45 kwa saa. Nguvu ya kupambana na upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, hivyo kwa km 28 kwa saa wati unazookoa ni kama robo ya zile. Haki isemwe: wewe unakaa njiani muda mrefu zaidi, kwa hiyo dakika hazipungui kwa kiwango hichohicho. Lakini mlimani kwa km 9 kwa saa rimu ya kina haikusaidii chochote, na upepo wa ubavuni ukipiga rimu ya mbele ya milimita 60 utausikia mikononi, kwa sababu gurudumu la mbele linageuka na usukani.

Shemeji akisisitiza sana, la nyuma peke yake lina hatari ndogo kwa upande wa upepo. Hata hivyo raba, valvu, kaseti na joto vinabaki palepale. Mshukuru, mwambie msimu ujao.

Tairi: ndiyo, na mapema

Tairi ya nyuma yenye mikato ibadilishe kesho, si siku ya kuamkia mashindano. Nunua mbili. Kama unataka milimita 28 badala ya 25, pima kwanza: tairi ikiwa imejazwa, pabaki milimita 4 kila upande na juu, chini ya breki na kwenye fremu. Breki nyingi za rimu hubana hapo. Pasipotosha, baki na 25.

Unapovalisha, anza upande ulio mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, huku ukisukuma kingo za tairi ziingie kwenye bonde la katikati ya rimu ili upate ulegevu. Malizia kwa viganja. Vyuma vya kung'olea tairi vikitumika mwishoni hubana tyubu dhidi ya rimu, na pancha yake huja baada ya saa moja, wakati umeshajisifu. Jaza nusu, zungusha gurudumu utazame ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu kama uko sawa pande zote, kisha jaza kamili.

Kwa kilo 75 na tairi za 25, anzia psi 80 mbele na 85 nyuma. Kwa 28 anzia 70 na 75. Lami ikiwa mbaya punguza 5. Usizidishe kwa kudhani tairi ngumu ndiyo nyepesi kwenda. Kwenye lami yenye chengachenga inarukaruka na kukuchosha. Siku zote heshimu kikomo kilichoandikwa kwenye tairi na rimu. Kisha zitembeze kilomita 40 hadi 60 kabla ya siku yenyewe.

Tyubulesi ni teknolojia nzuri, wakati wake ndio mbaya. Rimu lazima ziwe za aina hiyo, utepe wa ndani usivuje, tairi mpya zinaweza kukataa kukaa bila pampu ya upepo mwingi, na siku mbili tatu za kwanza mara nyingi zinapoteza upepo mpaka silanti, yaani kimiminika cha ndani, izibe vitundu. Kuna jingine: kingo zake hubana sana, na mtu ambaye hajawahi kuing'oa kwa mikono yake anaweza kushindwa kuweka tyubu ya dharura. Tyubu zako za kawaida zinatosha.

Vishikio vya kulalia

Hapa najua nitakuudhi, kwa sababu hiki ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote ulivyotaja. Sehemu kubwa ya upinzani wa hewa inatoka kwenye mwili wako. Baiskeli na magurudumu vinachangia sehemu ndogo. Ukilala vizuri, utapata zaidi ya kile ambacho magurudumu ya shemeji yangekupa.

Tatizo ni neno "vizuri". Ukifunga vishikio bila kugusa kitu kingine, viwiko vinakwenda mbali, kiuno kinajikunja, mapaja yanagonga tumbo, na uzito unahamia kwenye ncha ya siti. Ili ikae sawa, kwa kawaida siti inasogezwa mbele sentimita kadhaa na kupandishwa kidogo, na pengine usukani pia unabadilishwa. Umebadilisha mkao mzima. Shingo na mgongo wa chini huhitaji wiki kadhaa kuzoea, na misuli iliyochoka kwa mkao mgeni ndiyo unayoshuka nayo kwenda kukimbia kilomita 21.1. Zaidi ya hapo, ukiwa umelala mikono iko mbali na breki, na usukani unakuwa mwepesi kuyumba.

Bila vishikio bado unaweza kuuminya upepo: shika juu ya vifuniko vya breki, kunja viwiko mpaka mikono ya mbele iwe sambamba na barabara, bana mabega, shusha kichwa. Kaa hivyo dakika tano, pumzika moja. Usijaribu kulaza mikono juu ya usukani mtupu. Shimo moja linatosha kukuangusha. Namba ikae kwenye mkanda isipigwe na upepo, na nguo isipepee. Hakikisha pia ncha zote mbili za usukani zina vizibo, maana wakaguzi huzuia baiskeli isiyo navyo.

Siti na kliti

Usiache mbachao kwa mswala upitao. Siti mpya katika siku tisa ni bahati nasibu, na mshindi ni kidonda. Tena umeandika jambo ambalo pengine hukuliona: siti inauma "ndani ya suti ya triathloni". Pedi ya suti hiyo ni nyembamba kuliko ya kaptula ya baiskeli kwa makusudi, ili ikauke na isikusumbue ukikimbia. Kwa hiyo fanya safari mbili zilizobaki ukiwa na suti, paka krimu ya kuzuia michubuko kwenye mishono, na simama juu ya pedali sekunde 15 hadi 20 kila baada ya dakika 10. Kama pua ya siti imeinuka, ishushe kidogo tu hadi iwe sambamba na ardhi, upime kwa programu ya kipimo cha usawa kwenye simu. Basi.

Kliti zilizolika zibadilishe, kwa sababu zinaweza kuchomoka ukisimama mlimani. Lakini zibadilishe kwa rangi ileile. Kama ni za Shimano SPD-SL, njano inaruhusu kisigino kucheza nyuzi 6, bluu 2, nyekundu 0. Mtu aliyezoea njano akifunga nyekundu, goti litamwambia ndani ya saa mbili. Kabla ya kulegeza skrubu, chora mzunguko wa kliti kwenye soli kwa kalamu isiyofutika, upige na picha. Toa moja, weka mpya ndani ya mchoro, kaza kwa Nm 5 hadi 6, ndipo uende kwenye ya pili. Usitoe zote pamoja. Weka grisi kidogo kwenye skrubu.

Ratiba yako

Leo na kesho: kaseti, cheni ikibidi, tairi, kliti. Ikibaki siku saba au sita, panda kilomita 60 ukiwa na chupa zilizojaa, suti, viatu na kila kitu utakachotumia, na utafute mwinuko wa kusimama juu ya pedali ukiwa kwenye sproketi kubwa. Cheni ikiruka au ikilia chini ya mzigo, utajua hapo. Kwenye stendi ya fundi haisemi. Ikibaki siku nne, safari fupi ya kuthibitisha. Baada ya hapo spana zirudi kwenye boksi. Usiguse kitu isipokuwa kilichoharibika.

Kama utasafirisha baiskeli, funga kipande cha utepe kwenye mpini wa siti kuonyesha kimo kabla hujaushusha. Ukiunganisha upya usukani, kaza kwanza bolti ya juu mpaka mchezo uishe, ndipo ukaze bolti za ubavuni, Nm 5 hadi 6 au kama ilivyoandikwa. Shika breki ya mbele uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, rudia. Tazama pia dereila kwa nyuma: mkono wake uwe wima chini ya sproketi. Baiskeli iliyolala upande wa gia ndani ya gari mara nyingi hutoka na kishikilia-dereila kilichopinda, na watu humlaumu fundi wa kaseti.

Baiskeli ikikaguliwa na kuachwa eneo la mpito jioni iliyotangulia, acha tairi na upepo pungufu kidogo, ujaze asubuhi. Tairi yenye psi 80 kwa nyuzijoto 20 ikipigwa na jua mpaka 45 inafika psi 88 bila mtu kuigusa. Iache kwenye gia nyepesi, 34 mbele na sproketi ya katikati nyuma, maana utaondoka miguu ikiwa bado na maji.

Beba tyubu mbili, vyuma viwili vya kung'olea tairi, kiungo cha cheni cha gia 11, alenki zenye kikata cheni, kipande cha tairi kuukuu cha kuziba mkato, na mitungi miwili ya gesi ya gramu 16 au pampu ndogo. Mmoja unatosha kujaza tairi ya 25. Wa pili ni kwa ajili ya mikono inayotetemeka. Gesi hiyo hupenya mpira wa tyubu haraka kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo jioni itoe, ujaze kwa pampu.

Kwenye mteremko, kaa chini, mikono kwenye upinde wa chini wa usukani, shika breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia. Usizishikilie njia nzima, hata kwenye aluminiamu.

Na lile boksi lililo mezani: ukikuta herufi ni SS na duka likakataa kurudisha, nunua 11-30, ile ya 32 uiweke kabatini. Dereila ya SS ikichoka, chukua GS badala yake, na kaseti yako itakuwa inakusubiri.